Farasi Wawili wa Falkirk

Wanaopita mji wa Falkirk, Uskoti, kwa gari, barabara kuu ya M9 kati ya Stirling na Edinburgh, huwaona farasi hawa kupitia kioo, mara moja, kisha basi. Ni hasara. Njoo kwa treni kutoka Glasgow au Edinburgh, haichukui hata saa nzima, halafu uwaendee kwa miguu kando ya mfereji, kwa mwendo waliokwenda nao farasi wenyewe walipokuwa kazini.

Ni vichwa viwili tu, na shingo zake, vinachomoza ardhini kana kwamba miili imezama. Kila kimoja kina kimo cha mita 30 na uzito wa tani 300. Duke ameinamisha kichwa. Baron amekiinua chake juu, mdomo wazi. Kwa pamoja huitwa The Kelpies, jina la majini wa ngano za Uskoti wanaojigeuza farasi na kukaa kwenye maji. Ila Andy Scott, msanii wa Glasgow ambaye baba yake alitoka Falkirk, hakuishia kwenye ngano. Mifano yake ilikuwa farasi wawili wa kweli wa aina ya Clydesdale, wale wenye kwato pana waliovuta plau, mikokoteni na matishari.

Sogea mpaka uguse. Ngozi yao ni mabamba ya chuma cha pua kisichoshika kutu, yamepangwa yakiachiana nafasi, hata ukisimama chini ya taya unaliona anga upande wa pili, na ndani unaona nguzo zilizobeba uzito wote. Mimi hapo ndipo niliposhikwa. Msanii mwingine angeificha mifupa ile. Scott ameiacha wazi, nasi tunaona kazi ilivyofanyika. Mwenye wivu na mji wake atanung'unika kidogo, maana chuma hicho kilikatwa na kuundwa Yorkshire, kusini ya mpaka wa Uskoti. Falkirk ilibaki kuunganisha tu, mwaka 2013.

Na Falkirk si mgeni wa chuma. Kiwanda cha Carron kilianzishwa hapa mwaka 1759. Kikasubu mizinga mifupi ya manowari iliyojulikana dunia nzima kwa jina la kiwanda, carronade, na baadaye vibanda vyekundu vya simu, vile ambavyo watalii hujipiga navyo picha London. Mwaka 1982 kampuni ikafilisika.

Bidhaa za viwanda zilihitaji njia, na njia ilikuwa Mfereji wa Forth na Clyde, uliokamilika mwaka 1790 ukaunganisha bahari ya mashariki na ya magharibi kwa kilomita 56. Farasi mmoja, kwa kamba tu, alivuta tishari lenye makumi ya tani. Mzigo huo asingeuthubutu barabarani. Mwaka 1803 fundi William Symington alileta stima, Charlotte Dundas, ikakokota matishari mawili kilomita zipatazo 30 kuelekea Glasgow. Ilifaulu, na bado wenye mfereji wakaikataa, kwa hofu kwamba mawimbi yake yangebomoa kingo. Farasi wakaendelea kula jasho lao.

Mfereji ulifungwa mwaka 1963, ukafunguliwa tena mwaka 2001, na sasa mashua huingia kwenye lango la maji lililojengwa katikati ya Duke na Baron. Bustani haina kiingilio. Ziara ya kuingia ndani ya kichwa ni ya kulipia, nami nakushauri uilipie, kwa sababu ukiwa nje unakiona kichwa cha farasi, ila ukiwa ndani ndipo unapoona kinavyosimama. Ukibakiwa na nguvu, fuata maji kuelekea magharibi, mwendo wa saa mbili hivi, ukaone gurudumu la Falkirk linavyozinyanyua mashua nzimanzima, pamoja na maji yake, hadi kwenye mfereji mwingine.