Kifaru cha Kijani

Katika nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, juu ya meza ya chumba cha mbele, pamekaa sanduku la mbao ambalo mgeni huenda akalidhania kuwa ni kasha la nguo lililokatwa likafupishwa. Akiligeukia kwa mbele hukuta kioo cha televisheni ya inchi 14, na chini ya kioo hicho ubao ulioinama kidogo, wenye vishikio viwili vilivyosimama wima na vitufe vinane vya duara. Aliyelijenga si seremala. Ni mwalimu wa hisabati, mtu wa makamo, aliyeazima randa, msumeno na keekee kwa jirani yake, akatumia likizo nzima ya mwaka 2023 kufanya kazi ambayo fundi hodari angeimaliza kwa siku nne.

Kilichomo ndani ya sanduku kina umri mkubwa kuliko sanduku lenyewe. Mwaka 1994 mjomba wake, aliyekuwa akifanya kazi Muscat, alirudi likizo na mashine ya michezo ya kuunganisha na televisheni. Haikuwa na jina la kampuni inayojulikana. Ilikuwa ni mwigo wa Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwezi Julai 1983 na ambayo iliigwa kila pembe ya dunia. Televisheni nyumbani ilikuwapo tangu zamani, kwani Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Ndugu wawili walikaa juu ya mkeka mbele ya kioo: kaka, mwenye umri wa miaka 14, akashika pedi ya kwanza, mdogo, mwenye miaka 11, akapewa ya pili. Mpango huo haukujadiliwa siku ile, wala haukujadiliwa tena.

Katika kaseti iliyokuja na mashine walipenda mchezo mmoja kuliko yote, nao ni Battle City, uliotungwa na Namco mwaka 1985. Wachezaji wawili huendesha vifaru, cha kwanza cha manjano na cha pili cha kijani, wakimlinda tai aliyezungushiwa ukuta wa matofali. Hatua zake ni 35. Wanaojua hukumbuka kanuni zake mbili. Ya kwanza, ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya hafi, bali huganda kwa muda asiweze kwenda popote. Ya pili, risasi yako mwenyewe ikimfikia tai, mchezo umekwisha. Kwa hiyo mchezo ule hauwafundishi watu kupigana tu, bali huwafundisha pia kuchungana. Mdogo alikua akiwa kifaru cha kijani. Kaka akitangulia, yeye hubaki karibu na tai.

Kaka alifariki mwaka 2011, akaacha mtoto wa kike wa miaka mitatu. Mashine ilifungwa katika kitambaa ikawekwa juu ya kabati, na hapo ilikaa miaka 12. Siku moja yule binti, sasa msichana wa skuli, alimuuliza ami yake swali ambalo mtu mzima hulikwepa: "Baba alikuwa akipenda nini alipokuwa mdogo?" Ami alijibu kwamba alipenda mpira na kuogelea. Jibu lilikuwa kweli, lakini lingeweza kusemwa juu ya mtoto yeyote wa kisiwani. Usiku ule akapanda kiti, akaishusha mashine.

Mashine ilikuwa hai. Pedi ndizo zilizokuwa zimekufa: mipira ya ndani ilikuwa imechakaa hata vitufe havikushika tena. Alipoiunganisha na televisheni bapa ya nyumbani, picha ilichelewa kidogo nyuma ya kidole, na katika mchezo wa namna ile kuchelewa kidogo ni kushindwa. Rafiki yake alimshauri aache taabu, kwani michezo yote ile hupatikana katika simu. Mwalimu alikubali kuwa ni kweli, ila akasema simu ina nafasi ya mtu mmoja.

Hapo ndipo lilipoanza wazo la sanduku. Michezo ya aina hii, kabla ya kuingia majumbani, ilikuwa na fanicha yake. Space Invaders, mchezo aliouunda Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito mwaka 1978, ulienea katika mikahawa ya Japani ukiwa ndani ya meza. Kioo kililala chini ya bilauri za kahawa, wachezaji wawili wakakaa wakitazamana, na zamu ya wa pili ilipofika picha nzima iligeuka kumwelekea yeye. Aliyeibuni meza ile alikuwa amemfikiria mgeni.

Mwalimu alinunua televisheni ya zamani kwa fundi, akaiacha ndani ya gamba lake la plastiki bila ya kuifungua, maana bomba la picha la televisheni za rangi hubeba zaidi ya volti 20,000, na huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Kwa ajili ya bomba hilo sanduku likawa na kina cha sentimita 45. Upana alitaka sentimita 40, zitoshe kioo. Kisha akakaa kitako na mkewe mbele ya meza, bega kwa bega, akapima tena, akaandika 64. Mbavu alizifanya kwa plaiwudi, na ubao wa vishikio kwa kipande cha mfenesi kilichobaki katika ukarabati wa mlango wa mtu. Nyuma alitoboa matundu ya kupitisha hewa, kwa sababu joto na chumvi ya bahari havisamehe waya.

Kazi ya ndani ilimpendeza zaidi. Pedi ina mambo manane tu ya kusema: pande nne za kwenda, vitufe viwili vya kutendea, kimoja cha kuchagulia na kimoja cha kuanzia. Kila jambo lina waya wake, na waya wa tisa hurudi kwa wote. Alizilehemu waya 18 kwa risasi, tisa kila upande, huku akihesabu kwa sauti. Mpenzi wa mashairi asingeshangaa: mizani minane ya ukwapi, mizani minane ya utao, na kipande kimoja hakitoshi kuwa mshororo.

Usiku wa kwanza alicheza peke yake. Kwa mazoea alichagua wachezaji wawili, akakaa upande wa kulia. Hapo akagundua mambo mawili. Ujuzi wake ulikuwa umekaa katika kidole gumba, na kishikio hiki kipya kilitaka mkono mzima. Kwa hiyo alikuwa mwanafunzi tena, na ule utoto aliotaka kuurudisha haukurudi. La pili lilikuwa zito zaidi. Kifaru cha manjano kilizaliwa mahali pake, kikasimama. Hakikwenda popote. Kilipigwa, kikazaliwa tena, kikapigwa, mpaka maisha yake yakaisha. Mwalimu alizima umeme, akakaa gizani kitambo.

Ijumaa baada ya sala binti alikuja. Alitaka kukaa kulia, kwani ndiko kulikokuwa karibu na mlango.

"Hapo pangu," ami alimwambia. "Wewe kaa upande wa baba yako."

"Kwani pana tofauti gani?"

"Huyo wa manjano hutangulia. Mimi hubaki na tai."

Binti alikamata kishikio kama mtu akamataye kijiti cha kukorogea uji. Risasi yake ya kwanza ilimpata ami yake, na kifaru cha kijani kikaganda pale pale, kikimetameta.

"Samahani, ami!"

Hakumjibu mara moja. Alingoja kifaru chake kiachiwe, macho yake yakikifuata kile cha manjano, ambacho kilikuwa kimekwisha kuuacha ukuta na kinapanda juu, ovyo ovyo, kuelekea kwa maadui.

Baada ya dakika mbili binti alimpiga tai kwa risasi yake mwenyewe, na mchezo ukaisha. Akageuka, akacheka, kisha akabonyeza kitufe cha kuanzia kabla ya kuulizwa.