Kifaru na Kawa ya Shaba

Lugha yetu ililipa gari la vita lenye deraya jina la kifaru, na sidhani kuwa jina bora zaidi lingaliweza kupatikana. Mnyama yule ana ngozi nene, uzito mkubwa na tabia ya kwenda mbele bila ya kuuliza njia. Gari lile kadhalika. Lakini jina zuri huweza kumpumbaza mtu. Maadamu kifaru wa mwituni huangushwa kwa risasi nzito, niliamini kwa miaka mingi kuwa kifaru cha chuma hakina budi kuvunjwa kwa kitu kizito zaidi, au kuunguzwa.

Imani hiyo niliitia katika maandishi. Nilipotakiwa kusaidia kutunga orodha ya istilahi za vita kwa ajili ya wafasiri, nilikuta kichwa cha kombora la kupigia vifaru kikitajwa kwa Kiingereza kwa herufi nne, H, E, A na T, ambazo zikisomwa pamoja hufanya neno lenye maana ya joto. Sikusita. Niliandika: kombora la joto, liyeyushalo chuma. Orodha ikapigwa chapa, nami nikaisomesha.

Mwaka mmoja alikuwapo darasani mwanafunzi mtu mzima aliyepata kuwa dereva wa kifaru jeshini. Alingoja wenzake watoke.

“Mwalimu, niwie radhi,” alisema. “Herufi zile si neno. Kila moja ni mwanzo wa neno lake, na maana yake ni baruti kali ya kupigia vifaru. Chuma hakiyeyuki, Mwalimu. Hutobolewa.”

Nilimshukuru kwa ulimi tu, maana moyo ulikuwa umeona haya. Usiku ule nilianza kusoma.

Nilikuta kuwa habari yenyewe ilianza kwa herufi. Mwaka 1888 Charles Munroe, mkemia wa Marekani aliyefanya kazi katika kituo cha jeshi la majini huko Newport, alilipua matofali ya pamba ya baruti juu ya bamba la chuma. Tofali lilikuwa na herufi zilizochongwa kwa kuzama. Baada ya mlipuko herufi zile zile zilionekana juu ya chuma, nazo zimezama vile vile. Palipopungua baruti ndipo chuma kilipoumia zaidi. Herufi zilizompa yeye elimu ndizo zilizonipa mimi ujinga.

Watu wa baadaye walilitia shimo lile la baruti bitana ya shaba nyekundu. Msomaji na aikumbuke kawa ya kufunikia chakula, ailaze ubavu, mdomo wake wazi uelekee kwa adui, kisha aijaze baruti kwa nyuma. Baruti inapolipuka, kuta za kawa husukumwa ndani zikakutana katikati, na sehemu ya shaba ikafyatuka mbele kwa mchirizi mwembamba. Ncha ya mchirizi huo huweza kupita kilometa 8 kwa sekunde moja. Mkia huja polepole zaidi, kwa hiyo mchirizi hurefuka kadiri uendavyo. Sehemu yake kubwa haikuyeyuka hata kidogo, kwani shaba huyeyuka kwa digrii 1085 za Sentigredi, na mchirizi haufiki huko. Shindo lake ndilo kubwa mno, hata chuma cha deraya husukumika kando kama tope lipigwalo na maji ya mpira wa bustani.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini uzito na mbio za kombora lenyewe si kitu. Askari wa miguu wa Misri waliovuka Mfereji wa Suez tarehe 6 Oktoba 1973 walichukua makombora ya Kirusi yaitwayo Malyutka, yaani kadogo. Kila moja lilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, likachukuliwa katika sanduku kama la safari. Liliruka polepole kuliko risasi, likiburura waya nyuma yake, na mtu aliyelala mchangani aliliongoza kwa kijiti kidogo. Kwa shabaha ya kilometa 3 safari ilichukua nusu dakika hivi. Vifaru vya Israeli vilivyoshambulia siku za kwanza bila ya askari wa miguu na mizinga ya kutosha viliangamia kwa wingi. Kisha madereva na wapigaji wakajifunza kupiga pale vumbi lilipotimka: mkono wa muongozaji ukitetemeka, kadogo hupotea.

Tangu hapo pamekuwa na mashindano. Mwaka 1982, huko Lebanoni, vifaru vya Israeli vilivikwa visanduku vya baruti vya kuukata mchirizi. Yakaja makombora yenye vichwa viwili, na mengine ya kushukia juu, penye chuma chembamba.

Nilimrudia mwanafunzi wangu nikamuuliza ndani huwaje. Alisema tundu lenyewe ni dogo, kidole huweza kulijaza. Linalodhuru ni kile mchirizi unachokikuta: mtu, mafuta, au risasi za mzinga. Alipokuwa dereva, alisema, alijua idadi ya risasi zilizokuwa nyuma ya mgongo wake kama ajuavyo idadi ya watoto wake.

Orodha yangu haijapigwa chapa tena. Maktaba yetu ina nakala tatu. Mbili nimezisahihisha kwa kalamu ya risasi. Ya tatu imeazimwa, na aliyeiazima hajairudisha.