Mama Alibonyeza “Non”

Mwaka 1999, katika gereji ya lupango moja ya kartie Golf, Lubumbashi, tulikuwa na kompyuta mbili za Windows 98 na printa moja. Wanafunzi wa chuo kikuu walituletea kazi zao za kumaliza masomo zikiwa zimeandikwa kwa mkono, tukawachapia na kulipwa kwa ukurasa. Mimi nilikuwa kijana wa mashini. Mchapaji alikuwa mama aliyezeeka na taipureta ofisini. Vidole vyake vilikimbia huku macho yakibaki kwenye karatasi ya mteja.

Jioni moja alimaliza kurasa 31 alizoanza asubuhi. Hakuwa amezichunga hata mara moja. Kwa nini azichunge? Kwenye taipureta, herufi ikishagonga karatasi imekaa. Akafunga dirisha. Mashini ikamwuliza kwa Kifaransa kama anataka ku-“enregistrer les modifications”, yaani kuchunga mabadiliko, na chini yake vitufe vitatu: Oui, Non, Annuler. Akabonyeza Non.

“Mwana yangu, kazi iko wapi?”

Nilitafuta hadi usiku, sikupata kitu. Kisha nikamwuliza, kwa sauti ninayoijutia mpaka leo, kwa nini alibonyeza Non.

“Sikubadirisha kintu,” akasema. “Niliandika tu.”

Sikulala vizuri. Mama alikuwa amejibu swali kama lilivyoulizwa, tena alijibu kweli. Hakufanya “modification” yoyote. Alianza na ukurasa mweupe. Na “enregistrer”, kwetu Lubumbashi, ilikuwa kuingiza sauti kwenye kaseti. Swali halikumwambia jambo moja alilohitaji kulijua: ukisema hapana, kazi yako inakufa.

Kesho yake nilianza kusoma menyu kama mtu asiyezijua. Ili kuzima mashini, ulibonyeza kwanza Démarrer, yaani kuanza. Neno Annuler ndilo lililonitisha zaidi. Ndani ya menyu ya Édition lilifuta kosa ulilotoka kulifanya. Kwenye lile dirisha la maswali liliacha tu kila kitu kama kilivyokuwa. Neno moja, kazi mbili, na anayelipa ni mchapaji. Nilikata kikaratasi, nikakibandika kwa skochi pembeni mwa skrini: Oui, chunga kazi, Non, tupa kazi, Annuler, rudi kwenye kazi. Mama alichapa upya zile kurasa 31 kwa siku mbili. Sikumbuki kazi nyingine iliyopotea kwa njia hiyo.

Baadaye sana nilisoma kwamba Apple, walipokuwa wakijaribu kompyuta yao ya Lisa, waliandika kitufe “Do It”, na kuna aliyekisoma “Dolt”, akaona mashini inamwita mjinga. Wakakiandika OK. Hawakumlaumu msomaji. Na mwaka 2002 watu wa GNOME, mradi wa programu huria, walitoa mwongozo unaotaka kitufe kibebe kitendo chenyewe: hifadhi, au funga bila kuhifadhi. Niliposoma hayo nilikikumbuka kikaratasi chetu, nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu.

Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Diski yake ilinifikia baadaye kwa mkono wa msafiri. Nikaiweka, nikamwita mama. Alivaa miwani, akasoma menyu polepole kwa sauti, neno baada ya neno, kama anayesoma barua ya mtoto aliye mbali. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwa lugha ya ofisi, na hakuwa amewahi kuona mashini inayoanza na lugha ya nyumbani. Kwenye “Hifadhi” akasimama. Kile kilikuwa Kiswahili cha redio, si cha sokoni kwetu.

“Hii njo kuchunga?”

“Njo yenyewe, mama.”

Akachapa mstari mmoja, jina lake na tarehe, akabonyeza “Hifadhi”.