Miaka Yangu Nyuma ya Kioo cha Risasi

Niliingia chuoni kusomea upigaji picha za eksirei nikidhani nitafundishwa mashine. Badala yake tulianza na atomu: kiini chenye protoni na nyutroni, na elektroni zinazokizunguka katika maganda, la ndani kabisa likiitwa K, kisha L, kisha M. Wenzangu wengi walinung'unika. Mimi nilinogewa, hasa mwalimu alipotueleza namna Rutherford alivyotangaza mwaka 1911 kwamba karibu uzito wote wa atomu umekusanyika kwenye kiini kidogo mno, na sehemu kubwa iliyobaki ni uwazi. Nilitoka darasani nikiutazama mkono wangu. Kama nyama na mifupa ni uwazi kiasi hicho, si ajabu mionzi kupita. La ajabu ni kwamba mingine huzuiwa. Swali hilo ndilo lililonilea kikazi.

Ndani ya tyubu ya eksirei kuna waya mwembamba wa tungsteni. Ukipashwa moto kwa umeme, elektroni huchomoka, na volteji kubwa huzivuta kwa kasi hadi zigonge sahani ya tungsteni iliyo upande wa pili. Kiini cha tungsteni kina protoni 74. Elektroni ikipita karibu nacho huvutwa, hupinda njia na kupunguza mwendo, na nishati inayoipoteza hutoka ikiwa eksirei. Nyingine huigonga elektroni ya ganda K na kuing'oa. Elektroni ya ganda la nje hushuka kuziba pengo, na tofauti ya nishati kati ya maganda hayo mawili hutoka nayo ikiwa eksirei. Kuing'oa elektroni ya ganda K kunahitaji takriban kilovolti 70, kwa hiyo ukipiga picha ya mkono wa mtoto kwa 50, mionzi hii ya pili haitokei kamwe. Na karibu asilimia 99 ya nishati yote inayofika kwenye sahani huishia kuwa joto. Tungsteni huvumilia kwa sababu haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,400 za Selsiasi.

Nilipoajiriwa katika hospitali ya mkoa, tulikuwa bado tunasafisha filamu kwenye chumba cha giza. Hapo ndipo masomo yale yalipopata mwili. Mionzi yenye nishati ndogo humezwa na atomu kwa kadiri ya namba ya atomu ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Oksijeni iliyojaa katika nyama na maji ya mwili ina namba 8: hiyo hukupa 512. Kalsiamu ya mfupa ina namba 20: hiyo hukupa 8,000. Weupe wa mfupa kwenye filamu umetokana na hesabu hiyo. Bariamu, yenye namba 56, tunamnywesha mgonjwa kwa sababu hiyohiyo, ili tumbo lionekane. Kwenye kifua nilipandisha kilovolti makusudi, ili mbavu zififie na mapafu yaliyo nyuma yake yaonekane. Niliwahi kufanya kazi na watu waliokariri namba za kuweka kwenye mashine zilizobandikwa ukutani bila kujua zimetoka wapi. Mgonjwa mnene au mtoto mchanga alipowajia, walibahatisha, picha ikaharibika, ikarudiwa. Kila kurudia ni mionzi ya bure mwilini mwa mtu.

Bibi mmoja aliyeletwa kwa kikohozi cha muda mrefu alikataa kusimama mbele ya kaseti ya filamu.

"Mjukuu wangu, hiyo miale si itabaki kifuani mwangu?"

"Shikamoo bibi. Haibaki. Ni kama taa: ukiizima, hakuna mwanga unaosalia ukutani."

Alikubali. Wengi huchanganya eksirei na madini ya mionzi, ambayo viini vyake huvunjika vyenyewe usiku na mchana. Eksirei hutoka kwenye elektroni, nazo hukoma kukimbia mara umeme unapokatika.

Hata hivyo sikuwahi kumwambia mtu kwamba haina madhara. Inapopita, hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu za mwili, na vinasaba vinaweza kukatika. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliungua mikono kwa mionzi hii, akakatwa, na mwaka 1904 akafariki. Kwa ajili ya watu kama yeye nilivaa kipima mionzi kifuani kila siku ya kazi, kikapelekwa kusomwa Tume ya Nguvu za Atomu, Arusha. Nililipenda pia somo la umbali: ukisimama mara mbili ya umbali wa awali, mionzi inayokufikia hubaki robo. Niliwafundisha hivyo vijana wote waliopita mikononi mwangu.

Picha moja ya kifua humpa mtu takriban milisiveti 0.02 hadi 0.1, wakati ardhi, anga na chakula humpa wastani wa 2.4 kwa mwaka. Kwa hiyo daktari akikuandikia eksirei kwa sababu ya msingi, usiikimbie. Lakini njoo na picha zako za zamani ili usipigwe tena bila haja. Dada, kama unahisi una mimba, sema kabla hujaingia chumbani, hata kama hujaulizwa. Na ukimleta mtoto, muulize mpiga picha bila kuona haya kama amepunguza kipimo. Ni haki yako kujibiwa.