Swali la Mjomba

Nilizaliwa Nyandira, juu huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, ambako kabichi na njegere hulimwa kwenye matuta ubavuni mwa mlima. Nilikuwa na miaka 9 mama mdogo alipopata uchungu wa kuzaa usiku wa masika. Mtoto alitoka salama, lakini damu haikukata. Alfajiri wanaume wakakata miti miwili ya mkaratusi, wakafunga blanketi la kijivu kwa kamba za mgomba, wakamlaza. Wanne walibeba, wanne wakafuata nyuma kupokezana. Njia ilikuwa utelezi mtupu, na kwenye kona kali wa mbele walichuchumaa ili mgonjwa asiteleze. Mimi nilitembea nyuma na beseni la khanga na chupa ya uji. Niliona damu ikilowesha blanketi, kisha ikaanza kudondoka njiani. Gari tulilipata bondeni, naye akafariki kabla ya kufika Sangasanga, barabara ya Mgeta inapoungana na ile ya Iringa.

Sisemi kwamba niliamua udaktari siku ile. Nilichoapa moyoni ni kwamba sitatembea tena nyuma ya machela nikiwa na beseni tu.

Nikasoma kwa bidii ya mtu anayedaiwa, nikaingia Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Januari 2012, nikiwa mwaka wa nne, madaktari wakagoma. Walidai posho na makazi, na walidai pia vifaa vya kufanyia kazi, madai ambayo sisi wanafunzi tuliyaelewa vizuri, kwa sababu wodini tulikuwa tukiona wagonjwa wamelala chini. Serikali ikaleta madaktari wa jeshi. Nilisimama kwenye korido nikamwangalia mmoja wao, mwanamke mwenye koti jeupe juu ya kombati, akimtoa mtoto dripu iliyokwisha, akaweka nyingine, akaenda kitanda cha pili bila kusema neno. Wenzangu walimwita msaliti. Mimi nilishindwa kumwita hivyo, na nilishindwa pia kusema waliogoma wamekosea. Mtoto yule angefanya nini bila dripu? Na daktari anayekuja kwa amri, akiamriwa kesho aondoke, ataondoka?

Swali hilo lilinikaa miaka mitatu. Nilimaliza shahada, nikatumikia mwaka wangu wa daktari tarajali, na 2015 tangazo la jeshi la kutafuta wataalamu lilipotoka nikalikunja, nikapanda gari la Mgeta kwenda kwa mjomba.

Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, na jambo zito halipiti bila mjomba. Wangu alikuwa na sababu ya ziada ya kuulizwa. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa 1978, alikwenda vitani, akapewa kazi ya kubeba majeruhi. Alitembea na machela hadi Masaka, na Machi 1979 alikuwa Lukaya, pale barabara ya Kampala inapokatiza kwenye kinamasi cha mafunjo. Nilimkuta akipalilia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama." Aliniita hivyo siku zote, maana nina jina la mama yake.

Nilimpa tangazo. Alilisoma lote, polepole, hadi kwenye muhuri, akanirudishia. Kisha akanisimulia habari ambayo sikuwahi kumsikia akiisimulia nyumbani. Asubuhi moja, baada ya mapigano, walimkuta kijana wa upande wa Amin amevunjika paja, amelala kwenye maji machafu ya kinamasi. Kamanda alisema mbebeni, wakambeba kwenye machela ileile waliyombebea mwenzao aliyekufa usiku. Alikuwa mzito, anaomba maji kwa Kiswahili.

Nikamuuliza, "Na kama kamanda angesema mwacheni?"

Alinyamaza muda mrefu, jembe likiwa begani. "Ningembeba, mama. Halafu ningeadhibiwa. Hilo ndilo ukajiulize kabla hujaenda. Usijiulize kama unaweza kupiga bunduki, watakufundisha."

Nilikaa naye siku nne. Ya tano nikajaza fomu.

Mafunzo sitayasimulia sana. Kila askari anayo hadithi yake ya Kihangaiko na ya baridi ya Monduli. Nilikuwa kuruta kama makuruta wengine, shahada ya udaktari haikunipunguzia hata hatua moja ya kwata. Ila siku tulipofundishwa kubeba machela, mkufunzi aliuliza nani anajua kuteremka nayo mlima, nikanyoosha mkono. Mwishoni nilivishwa nyota moja begani, Luteni Usu.

Watu hudhani daktari wa jeshi hushinda akitoa risasi. Kazi yangu kubwa imekuwa malaria, presha, magoti ya makuruta, uzazi wa wake za askari, na raia wengi wanaokuja hospitali zetu kama wanavyokwenda nyingine. Jambo moja tu daktari wa uraiani halijui: kumpima mtu mzima wa afya na kusaini kwamba anafaa kupelekwa mahali anapoweza kuuawa. Nimesaini hivyo kwa vijana waliokwenda kulinda amani Kongo. Desemba 7, 2017, askari wetu walipouawa kambini Semuliki, Kivu ya Kaskazini, nilikwenda kwenye daftari langu kutafuta majina. Sikukuta hata moja. Nikashukuru, kisha nikaona aibu kwa kushukuru, maana kila mmoja wao alisainiwa na daktari fulani.

Na siku ya mjomba ilifika, ingawa si vitani. Mkubwa mmoja, katika kikosi nisichokitaja, alitaka askari mwenye homa na kifua kilichojaa aende kwenye mazoezi ya matembezi marefu. Niliandika apumzike siku 7. Aliniagiza nifute. Sikufuta. Niliitwa kujieleza mara tatu, na safari ya masomo niliyokuwa nikiisubiri ikaenda kwa mwingine. Yule askari alipona, na bado yuko kazini.

Gharama nyingine sikuijua nilipokuwa najaza fomu. Nilitaka udaktari kwa ajili ya Nyandira, na jeshi halijawahi kunipanga karibu na Nyandira. Nikienda likizo napima watu barazani kwa mama tangu asubuhi hadi giza, halafu naondoka. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa masika sasa ni mwanamume mwenye pikipiki, na wagonjwa wengi huwashusha yeye.

Wanafunzi wa udaktari huniuliza mshahara, na kama mwanamke ataweza. Mshahara unatosha, na mwanamke anaweza. Lakini ndugu yangu unayesoma haya huku tangazo likiwa mkononi, muweke mbele yako yule kijana wa kinamasini, umsikie kamanda akisema mwacheni. Ukishajua utafanya nini, ndipo ujaze fomu.