Mbu wa Ukweni

Nilipopata mchumba Mabogini, kule kwenye mashamba ya mpunga, washkaji wa Moshi mjini walinicheka: "Utarudi na malaria badala ya mke!" Kweli, mbu wa kule si mchezo. Lakini mama mkwe alinitundikia chandarua, nikarudi mzima. Malaria iliyonilaza hoi niliipata miezi kadhaa baadaye kwa binamu yangu, kijiji kikavu, nilikolala bila neti.

Kumbe wataalamu walishaliona. Utafiti wa Jasper Ijumba na wenzake huku Lower Moshi, uliochapishwa 2002, ulikuta mbu wengi zaidi kwenye mpunga, ila hatari ya kuambukizwa vimelea vya malaria ilikuwa ndogo kuliko kijiji kisichomwagiliwa. Mpunga huleta pesa, pesa hununua chandarua.

Msomaji, usimcheke mtu kwa mbu wake. Mwenzio nimeoa huko huko!