Jina na Watu

Timu ya mpira ni kitu kigumu kuelezwa. Ina jina, ina rangi, ina wachezaji na ina wapenzi. Lakini vitu hivi vikitengana, haijulikani timu imekwenda na kipi. Swali hili liliwafarakanisha ndugu wawili wa tumbo moja, mkubwa akikaa Handeni na mdogo akikaa Korogwe karibu na reli.

Wote wawili walikuwa wapenzi wa Yanga, klabu iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka 1974, Yanga ilipoishinda Simba mabao mawili kwa moja mjini Mwanza, kwa mabao ya Gibson Sembuli na Sunday Manara, furaha yao ilikuwa moja. Uwanja hawakuuona, redio iliwatosha.

Kisha ukaja ugomvi ndani ya klabu, na mwaka 1976 ikazaliwa Pan African. Wachezaji mashuhuri wakahama, Leodegar Tenga na Jella Mtagwa wakiwa miongoni mwao. Siku hizo mchezaji hakununuliwa kwa fedha nyingi kama leo. Mara nyingi alifuata moyo wake na wenzake. Jina likabaki huku, miguu ikaenda kule.

Mdogo akaenda na miguu. Alisema, "Kaka, jina halipigi mpira. Waliotufurahisha ni watu, na watu wamehama."

Mkubwa alikataa. Naye alikuwa na sababu isiyotoka uwanjani. Katika Operesheni Vijiji alikuwa amehamishwa, kama Wazigua wengi wa wilaya yake, akaacha miembe ya baba yake na makaburi ya wazee. Kijiji kipya kilikuwa na watu wale wale aliowazoea, lakini usiku moyo wake ulirudi kwenye miembe. "Mdogo wangu," alisema, "ingekuwa watu peke yao ndio mji, mimi nisingeona upweke katikati ya jirani zangu."

Mdogo hakuwa na jibu, na mtu asiye na jibu huwa mwepisi wa hasira. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao sita kwa bila, Abdallah Kibadeni peke yake akifunga matatu. Mdogo akapeleka salamu Handeni: kaka aulizwe kama jina lilikuwa golini siku ile. Maneno yalikuwa ya mzaha, lakini yalifika yakiwa mwiba. Kwa muda mrefu basi la Korogwe lilipita bila ya mkubwa kulipanda.

Mwaka 1979 Tanzania ilitoka sare na Zambia huko Ndola kwa bao la Peter Tino, ikapata nafasi ya kwenda Lagos mwaka 1980 kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Timu ile ilichanganya watu wa klabu mbalimbali. Mkubwa akapanda basi. Alipobisha hodi, mdogo alimpokea mzigo, akamwamkia shikamoo, akamwekea kiti penye redio. Hapana aliyeomba radhi kwa maneno.

Siku zilizofuata ziliwapa haki wote wawili. Yanga ilijengwa upya kwa vijana, ikatwaa ubingwa mwaka 1981. Pan African ikautwaa mwaka 1982. Jina lilipata watu, na watu walipata jina.

Hapana shaka jina bila ya watu ni nyumba tupu, na watu bila ya jina ni wasafiri. Lakini ndugu hawa walikuwa karibu kupoteza kilicho kikubwa kuliko vyote viwili. Mchezo una dakika tisini; undugu hauna kipenga cha mwisho, wala aliyeuhama hapati mwingine wa kusajiliwa.